Aliyesimama Pembeni

Lenzi hii niliinunua kwa fundi redio nyuma ya soko la Mbuyuni,
elfu arobaini, imefunikwa kwa kizibo cha kopo la kahawa.
Ndani ina ukungu, nyuzi nyembamba kama mizizi ya kitunguu,
na mkwaruzo mmoja ambao haujawahi kutokea kwenye picha yoyote.
Wateja huuona mkwaruzo, wakaguna.
Ubaya wa kioo hauonekani kwa kukitazama kioo.

Miaka tisa nimekaa nayo. Najua tabia zake
kama mtu anavyojua tabia za shemeji.
Ukuta wa stesheni ya reli, ulionyooka tangu enzi za Mjerumani,
yenyewe inauvimbisha tumbo.
Ukipiga Kibo alfajiri, kabla wingu halijashuka,
theluji inashonewa uzi wa zambarau upande huu,
kijani upande ule,
maana rangi hazifiki pamoja:
nyekundu na mwendo wake, buluu na wake,
zimetoka kwenye jua moja, zimepishana mlangoni.
Taa za usiku pale mnara wa saa
katikati ni nukta;
zikienda kando zinaota mabawa.

Ila katikati! Katikati haina mpinzani.
Kope unazihesabu.
Namweka bibi harusi hapo, nakula kwa jina hilo.

Desemba ile, Uru, kipaimara cha Ndeonasia,
watu kumi na tisa mbele ya nyumba,
ndafu mezani na majani yake mdomoni.
Ningeweza kurudi nyuma hatua mbili, wote wakaenea vizuri.
Nyuma yangu ulikuwa mfereji,
nami nilivaa viatu vipya.
Jua lilishaingia migombani, nikafungua tundu lote.
Eliringia alikuja wa mwisho, ametoka kufunga ng'ombe,
anafuta mikono kwenye suruali.
"Simama pale," nikamwambia, "kwenye masale."
Akasimama.

Machi mama yake akaja studio,
picha ameilaza ndani ya kitabu cha nyimbo.
"Mkuze uso. Ni wa kuweka juu ya jeneza.
Hatuna nyingine anayocheka."

Nikakuza.
Uso ukaja umevutwa kuelekea nje,
macho mistari miwili,
shavu limeyeyukia kwenye jani la isale,
giza la pembe limeshamfika begani.
Yalibaki meno: weupe kidogo
wenye ukingo wa zambarau,
uleule wa mlima.

Nikaongeza ukali. Chembe zikawa kali, yeye hapana.
Kirenga, kijana wangu wa kazi, akaninong'oneza
kuwa siku hizi kuna programu inachora uso upya.
Ingechora, ndiyo. Ingechora mtu fulani.
Kioo hakirudishi ambacho hakikupokea.

"Ni lenzi mbovu?" mama akauliza,
bila hasira, kama anayeuliza bei.
Ningesema ndiyo tukaachana.
Lenzi zote huchoka pembeni, hata za mamilioni,
tofauti ni kiasi tu.
Lakini mimi nilijua, miaka yote hiyo nilijua
ni nini huwapata wanaosimama pale,
na mkono uliomwelekeza ni huu.

Nikamtolea picha nzima, watu wote kumi na tisa.
Kwa udogo ule alikuwepo:
kijana kando ya masale, anacheka.
Mama akaisogeza karibu, akaipeleka mbali,
akairudisha kidogo.
"Hapa," akasema. "Tusimsogelee zaidi ya hapa."

Lenzi ni ileile. Ukungu umeongezeka.
Mlangoni nimepanda isale kwenye kopo la rangi,
na Kirenga hudhani ni pambo.
Nikialikwa huko juu kupiga picha za ukoo,
nawahesabu watu, nauliza nani bado yuko zizini,
kisha narudi nyuma, narudi nyuma,
mpaka maji ya mfereji yanaingia viatuni.